Sakafu ya Vumbi la Tanuri

Mtaa ule wa nyuma ya kiwanda cha chuma ulikuwa na jambo moja la kujivunia, nalo lilikuwa chini ya miguu ya watu. Mvua zikinyesha, vichochoro vya mitaa mingine viligeuka tope la kumeza viatu. Kichochoro chao kilikuwa kigumu, kimelala sawa kama meza, rangi ya kahawa iliyochujuka. Hata ndani ya nyua za nyumba ilikuwa hivyo. Wageni walisimama, wakakanyaga mara mbili, wakauliza ni nani aliyewatengenezea.

Aliyewatengenezea alikuwa mzee mmoja mstaafu, na jina alilopewa na wazazi wake watu walikuwa wamekwisha kulisahau. Walimwita Mzee Sakafu. Enzi za kazi yake alikuwa akikung'uta mifuko mikubwa ya kuchujia moshi wa tanuri, pale kiwandani, ambapo chuma chakavu kiliyeyushwa. Vumbi lililoanguka kutoka kwenye mifuko ile lilimwagwa nyuma ya ukuta likawa kilima. Yeye ndiye aliyegundua kwamba ukilichanganya na saruji kidogo na maji, ukalishindilia, linashika. Akaomba ruhusa ya kulichukua, akapewa na shukrani juu yake, maana nani anakataa kupunguziwa takataka? Akaanza na uwanja wake, akaenda kwa jirani, akaenda kwa jirani wa jirani, kwa toroli na kwa mikono yake, wala hakudai chochote. Watu waliliita mchanga wa kiwandani, hawakuuliza zaidi. Wenzake waliwaachia wana wao mashamba. Yeye aliuachia mtaa sakafu.

Kwa hiyo siku muuguzi alipomwambia mke wa mwanawe kwamba mtoto ana risasi katika damu, hakuna aliyetazama chini.

* * *

"Si risasi ya bunduki, mama, usishtuke," muuguzi alisema. "Ni ile metali laini, nzito, wanayotengenezea betri. Inaingia kwa mdomo, kidogo kidogo, kwa vumbi."

"Kiasi gani si kibaya?"

"Kiasi kisicho kibaya hakipo. Cha mwanao kimezidi ubaya."

Mtoto alikuwa amelala begani kwa mama yake. Nyumbani walimwita Bosi, kwa sababu tangu alipoweza kukaa mwenyewe alikuwa akiamuru: anyooshe kidole, apige kelele, na watu wazima wakimbie. Lakini siku za karibuni kidole kilikuwa hakinyooshwi. Alikataa chakula, akajishika tumbo, akakaa kimya akitazama watu kana kwamba amesahau ni wa kazi gani.

"Nyumbani kwenu kuna mtu anayefanya kazi na metali?"

"Mimi," alisema mama.

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Basi tusiende mbali kumtafuta mwizi," alisema, bila ukali, kama mtu aliyechoka kusema maneno yaleyale kwa watu tofauti.

Ilikuwa kweli kwamba alifanya kazi na metali, na ilikuwa kweli kwamba aliipenda. Karibu na kile kilima cha vumbi watu walikuwa wamejenga kiwanda kingine, kidogo, cha kutoa metali ndani ya vumbi lilelile lililotupwa. Wafanyakazi walikiita Jikoni. Vumbi lilichanganywa na makaa yaliyosagwa na chokaa, likaviringishwa ndani ya pipa kubwa mpaka likawa vidonge kama gololi, kisha vidonge vikaingizwa katika tanuri refu la chuma, lililolala kwa kuinama kidogo, lenye kuzunguka polepole mchana kutwa. Kazi yake ilikuwa kutazama moto kupitia kidirisha cha kioo cheusi, apunguze hapa, aongeze pale, vidonge visiive nusu wala visiungue. Wenzake walimwita Mpishi, na jina likamkaa vizuri kuliko gauni la harusi.

Jikoni palikuwa na sheria moja isiyo na msamaha. Kulikuwa na upande mchafu na upande safi, na kati yake bafu. Nguo za kazi hazikuvuka bafu, viatu havikuvuka bafu, hata kitana hakikuvuka. Aliyevusha alikuwa hana kazi. Mpishi alikuwa hajavusha hata kifungo.

* * *

"Nilisema mimi," mama mkwe alisema. Alikuwa akifagia uwanja, ufagio ukitoa sauti kavu, vumbi jepesi likipaa na kutua. "Kazi ya moto na vumbi si kazi ya mama wa mtoto mdogo."

"Mama, naoga kabla ya kutoka. Kila siku."

"Simaanishi hujioshi, mwanangu. Namaanisha kuna vitu havioshwi." Aliyasema kwa ule upole unaouma kuliko kelele, kisha akaendelea kufagia.

Mzee Sakafu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ukutani, Bosi miguuni pake. Alikuwa mtu wa kucheka, na taratibu za Jikoni zilimchekesha siku zote. "Kuoga, kubadili nguo, kuvaa barakoa kama wezi," alisema. "Siku zetu tulikula mkate kwa mikono hiyohiyo. Unasugua kwenye suruali, unakula. Mbona nipo?" Kisha akamtazama mjukuu wake, kicheko kikamwishia njiani. "Watampa dawa?"

"Wametupa, baba. Lakini wamesema dawa haifai kitu kama hatukuziba mlango anaoingilia adui."

"Basi zibeni."

Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa namna ambayo kila mtu alielewa mlango ni nani.

Kesho yake habari zilifika Jikoni kabla yake, kwa sababu zahanati ilikuwa na utaratibu wa kuwaarifu wenye kiwanda. Getini mlinzi alimwomba mkoba. Alikuwa kijana waliyekuwa wakisalimiana kwa utani kila asubuhi. Leo hakumtazama usoni. Aliugeuza mkoba juu ya meza mbele ya foleni ya wenzake, vikaanguka kitana, kipande cha mkate kilichofungwa, na soksi moja ndogo ya mtoto. Soksi ikabiringika mpaka ukingoni. Hakuna aliyeiokota mpaka mwenyewe alipoinama.

Msimamizi alimwita pembeni. Alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki wana tabu yao: hawawezi kukupendelea hata wakitaka. "Mpishi, sina ushahidi kwamba umevusha kitu. Sina ushahidi kwamba hukuvusha. Kaa nyumbani mpaka tujue."

"Tutajuaje nikiwa nyumbani?"

"Sijui," alisema msimamizi. "Ila hapa huwezi kuingia leo."

* * *

Mtu akizoea kutoka alfajiri, nyumba yake mwenyewe humwonyesha mambo mapya. Mpishi aliolewa katika nyumba ile akaukuta uwanja umekwisha zeeka. Alikuwa akiuvuka tu, kwenda na kurudi. Sasa alikaa kwenye kizingiti asubuhi nzima, akamtazama mwanawe.

Bosi alikuwa na mahali pake pa kuchezea, kando ya pipa la maji. Hapo matone yalikuwa yamedondoka miaka mingi, ukingo wa sakafu ukamomonyoka. Alikaa chini, akachimba ukingo kwa kidole, akatia kidole mdomoni. Akachimba tena.

Mama alimnyanyua, akachuchumaa pale alipokuwa. Palipovunjika palionyesha tabaka juu ya tabaka, jembamba, kahawia iliyoiva, na pale maji yalipogusa palikuwa na utelezi na harufu kidogo ya kutu na chokaa. Kipande kilimegeka kikabaki kiganjani mwake, chepesi machoni, kizito mkononi. Alivunja magamba ya namna hiyo kila siku kwenye kile kilima, mabonge yaliyoshikana kwa mvua, kabla hayajapelekwa kwenye pipa. Asingekosea hata gizani.

Akainua macho. Uwanja wote. Kizingiti. Kichochoro, mpaka kule mwisho kwa fundi cherehani, ambako watoto wa watu walikuwa wakicheza kwa magoti.

Alikwenda kwa mumewe, aliyekuwa fundi baiskeli njia panda, mtoto akiwa mgongoni. Mume alikuwa ameligeuza gurudumu juu chini na alisikiliza huku akilizungusha, lakini kadiri mkewe alivyosema gurudumu likaenda polepole, mwisho likasimama.

"Una hakika?"

"Kama ninavyokujua wewe."

"Basi rudi ukamwambie msimamizi wako. Kazi yako iokoke."

"Nikamwambie nini? Kwamba baba yako ndiye aliyemtilia sumu mjukuu wake? Na mtaa mzima?" Alishusha sauti. "Ukisema kwa msimamizi, mtaa umesikia. Na baba asikie kwa watu? La. Aambiwe kwanza nyumbani. Na wewe ndiye mwanawe."

"Wewe ndiye unayelijua vumbi."

"Mimi ni mkwe. Niinue mdomo nimwambie baba mkwe sakafu yake ni sumu?"

"Na mimi niinue wangu? Alinizaa!" Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu, ikachafuka zaidi. "Haya. Nitamwambia leo."

Jioni ile alikaa karibu na baba yake, akakohoa. Akaanza na paa kwamba linavuja. Kutoka paani akashuka kwenye ukuta, kwamba una ufa. Mzee akamsikiliza kwa subira. "Na sakafu?" aliuliza kwa fahari. "Nyumba nzima inakushinda, sakafu je?" "Sakafu iko vizuri, baba," mwanawe alisema, akainuka kwenda kunywa maji.

* * *

Mpishi hakusema, lakini mikono yake ilishindwa kunyamaza. Alianza kunyunyizia uwanja maji kabla mama mkwe hajafagia. Siku ya pili akauomba ufagio, akausimamisha ukutani, akafuta mwenyewe kwa kitambaa kibichi. Siku ya tatu alitandika turubai kuanzia mlangoni mpaka kwenye pipa, na mtoto asikanyage nje ya turubai.

Mzee Sakafu alimwangalia kutoka kwenye kigoda.

"Mwanangu, mbona unaumwagia uwanja wangu maji kama unaungua?"

"Nazuia vumbi, baba."

"Vumbi gani?"

Mpishi alikuwa ameinama na kitambaa mkononi, maji yakichuruzika kwenye kiwiko chake.

"Nimekuuliza vumbi gani."

"Baba, nisamehe."

Mzee akaangalia kitambaa. Maji yaliyodondoka kutoka humo yalikuwa ya kahawia. Aliyatazama kwa muda, kama mtu anayesoma herufi alizojifunza zamani. Miaka mingi maji ya namna hiyo yalimtoka mwilini kila alipooga, akidhani ni uchafu wa kawaida wa mtu mwenye kazi.

"Lile kule mnalovalia barakoa," alisema taratibu, "ni la mifuko yangu?"

"Ni la mifuko yako, baba."

"Ulijua lini?"

"Siku niliyofukuzwa."

"Na ukanyamaza. Wakakuita wewe mchafu, ukanyamaza."

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

Hapo mzee alikasirika, maana hasira ilikuwa karibu kuliko kitu kingine chochote. Alisimama, akapiga sakafu kwa fimbo. Akasema amelala juu yake, amezeeka juu yake, mkewe amezalia juu yake; akasema vijana wa siku hizi hawana mikono, wana vipimo; akasema hakuna atakayegusa uwanja wake angali hai. Bosi, juu ya turubai, alimtazama bila kulia. Kutazama kule kimya, kwa mtoto aliyekuwa akimfokea babu yake kama askari, ndiko kulikomnyamazisha mzee. Aliingia ndani akafunga mlango.

Mama mkwe alikuwa ameyasikia yote kutoka jikoni kwake. Alitoka, akakitazama kitambaa, akautazama ufagio wake uliosimama ukutani. Kila asubuhi ya ndoa yake alikuwa akilirusha lile vumbi hewani. Akaja akachuchumaa karibu na mkwewe, akashika upande wa pili wa kitambaa.

"Nionyeshe unavyofuta," alisema.

* * *

Asubuhi kigoda kilikuwa kitupu. Mpishi alitoka kumtafuta, na miguu ikampeleka kwenye geti la Jikoni bila kuulizwa.

Mzee alikuwa pale, amevaa shati lake la kutokea, mfuko wa plastiki umefungwa mafundo mkononi. Mlinzi alikuwa amemzuia.

"Mzee, nimeshasema. Vyuma chakavu hatununui hapa. Nenda lile geti kubwa la kiwanda cha chuma."

"Kijana, mimi siuzi. Kwenye lile geti kubwa nimeingilia kabla mama yako hajamjua baba yako. Niitie mkubwa wako."

"Mkubwa ana kazi."

"Ndiyo maana nimemletea nyingine."

Msimamizi alitoka kwa kusikia sauti. Mzee hakusubiri kusalimiwa. Aliyafungua mafundo moja moja, akatoa kipande cha sakafu, kikubwa kama tofali, kikiwa bado kibichi kwa maji. Wafanyakazi waliokuwa kwenye foleni wakanyoosha shingo.

"Huyu binti," alisema, akimwonyesha Mpishi kwa fimbo, "mlimwaga mkoba wake mezani. Hamkukuta kitu kwa sababu kitu kilikuwa kwangu. Mimi ndiye niliyelitoa vumbi hapa. Kwa toroli, mchana kweupe, watu wakinishukuru. Nikajengea nyumba yangu, nikawajengea na wengine. Pimeni hili, halafu mtu ambaye hakukosa mmrudishie kazi yake."

Msimamizi alileta kifaa kidogo chenye umbo la bastola, akakielekeza kwenye kipande, akasubiri. Akasoma. Akasoma tena.

"Limeshiba, mzee," alisema. "Risasi, na zinki tele."

"Nilijua. Nilitaka useme mbele ya hawa."

Mlinzi alikuwa ameangalia chini. Alijisogeza mpaka karibu na Mpishi, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, ile soksi..." "Haya, fungua geti basi," Mpishi alimwambia, na kijana akalifungua kwa haraka ya mtu aliyeokolewa.

Msimamizi alimuuliza mzee anataka nini kingine. Mzee akafikiri. Akasema anataka kuona.

* * *

Walimpa barakoa na nguo za kazi zilizomzidi, akapanda ngazi nyuma ya mkwewe mpaka kwenye jukwaa la tanuri. Lilikuwa likizunguka kwa utulivu wa mnyama mkubwa anayejigeuza usingizini. Mpishi alisogea kidirishani, mwili wake ukabadilika. Yule aliyetembea nyumbani kwa kuinama, hapa alisimama wima. Alitazama moto, akageuza mpini robo ya robo, akasikiliza, akarudisha kidogo. Kisha akampisha.

Mzee alitia jicho kwenye kioo cheusi. Vidonge vilikuwa vikibingirika vyekundu, na juu yake ulicheza mwali mweupe wenye ukijani pembeni, mwembamba, kama kitambaa kinachoanikwa na kuanuliwa.

"Nini hicho cheupe?"

"Zinki, baba. Humu inakuwa mvuke, ikikutana na hewa inaungua, inapaa."

"Inakwenda wapi?"

"Kwenye mifuko."

Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana, barakoa ikatingishika. "Mifuko tena!"

"Mifuko tena, baba. Ila ya safari hii tunajua imebeba nini."

Akamwonyesha kila kitu na njia yake. Zinki na risasi zinapaa pamoja. Unga ukipelekwa kusafishwa ndipo zinapoachana, zinki iende kwenye mabati, risasi iende kwenye betri. Chuma hakiruki, kinabaki chini, kinateremka na mteremko wa tanuri, kinatoka mwisho kama kokoto. Hakuna kinachotupwa nyuma ya ukuta. Mwisho wakafika chini ya mifuko, na Mpishi akafungua kifuniko kidogo. Ndani kulikuwa na unga mweupe, laini, mpaka mtu asiyejua angetaka kuukandia mkate.

Mzee hakuugusa. Alisimama mbele yake kama mtu aliyeletewa mtoto aliyempoteza, akiwa amekua na kusoma.

"Miaka yote ile," alisema, "nilidhani nakung'uta majivu."

"Ulikuwa unakung'uta mabati, baba. Hamkuambiwa tu."

"Hatukuuliza pia." Akauinamia ule unga. "La uwanjani kwangu linaweza kupita humu?"

"Linaweza."

"Likatoka jeupe hivi?"

"Jeupe hivi."

"Basi nitalileta. Langu, na la wote."

* * *

Kuleta la kwake kulikuwa rahisi. Alivunja uwanja mbele ya macho ya mtaa mzima, Mpishi akimsimamia, maana namna ya kuvunja ilikuwa na adabu zake: maji kwanza, usubiri yazame, kisha unyanyue kwa mabamba, usipige likaruka, utie mfukoni likiwa bichi.

"Baba, hapo bado pakavu. Ongeza maji."

Mzee akasimama na sururu hewani. Watu wakangoja kuona mkwe atajibiwa nini. Mzee akashusha sururu. "Sawa, Mpishi," alisema, akafuata ndoo. Mama mkwe, aliyekuwa ameshika mdomo wa mfuko, aliinamisha uso kuficha tabasamu.

La wengine ndilo lilikuwa kazi. Mzee alikwenda mlango kwa mlango, kama alivyokwenda zamani, ila zamani alipokewa kwa chai. Wengine walimsikia hodi wakajifanya hawapo. Mama mmoja alimwita muuaji, akafunga mlango kwa nguvu, kisha akaufungua tena na kumuuliza, akilia, kama yeye mwenyewe haoni haya kutembea. "Naona," mzee alimjibu. "Ndiyo maana natembea. Nikikaa nitaona haya peke yangu." Kesho yake alirudi kwake, na kesho kutwa.

Mgumu wa wote alikuwa fundi cherehani wa mwisho wa kichochoro, mtu wa maneno mengi, ambaye sakafu yake ilikuwa nyororo kuliko zote na cherehani yake ilisimama juu yake bila kutikisika.

"Mzee Sakafu! Leo umekuja kubomoa?"

"Nimekuja kubomoa."

"Hao jamaa wanapata zinki humu ndani, nimesikia. Watalipa?"

"Hawalipi. Wanalibeba bure, kama nilivyolileta bure."

"Na nikikataa?"

"Nitakaa mlangoni pako. Wateja wakiniuliza nafanya nini, nitawaambia."

"Unanitisha, mzee?"

"Kutisha sijui. Nakuomba, mwanangu."

Fundi aliendelea kukanyaga cherehani, mshono ukaenda kombo. Akaacha kukanyaga. Alipozungumza tena, ile sauti yake ya barazani haikuwapo.

"Huyu wangu wa mwisho. Mwalimu anasema ni mzito. Amerudia darasa. Mimi nilimchapa, nikidhani ni uvivu." Akatazama sakafu, pale alipokuwa akichezea yule mtoto vifungo tangu hajatambaa. "Inaweza kuwa ni hii?"

Mzee angeweza kusema hajui. Ingekuwa kweli. "Inaweza," alisema.

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini mikono ilikuwa hii."

Fundi akainuka, akashika cherehani upande mmoja. "Shika huko," alisema. "Tuitoe nje kwanza." Na mtu wa maneno mengi alipoanza kumwagia sakafu yake maji, milango iliyobaki ikafunguka yenyewe.

Mifuko ilipakiwa kwenye lori la Jikoni, safari baada ya safari. Mpishi, aliyerudishiwa kidirisha chake, ndiye aliyeipika. Kila mzigo wa mtaani ulipoingia alijua, kwa sababu ya ile saruji kidogo ya mzee iliyofanya vidonge kuwa wabishi kuiva, naye aliviongezea muda bila kulalamika.

* * *

Mvua zilipokuja, mtaa ulikuwa umelazwa udongo mwekundu uliosombwa kutoka mbali, nao bado haujashikana. Asubuhi moja kichochoro kizima kiliamka kikiwa tope. Watu walitembea wakishikilia kuta, viatu mkononi. Fundi cherehani alikwama katikati ya njia, mguu mmoja umezama mpaka ugokoni, kitambaa cha mteja juu ya kichwa.

"Mzee Sakafu!" alipiga kelele. "Njoo uone kazi yako! Kuanzia leo wewe ni Mzee Matope!"

Mtaa ulicheka, kila mtu mlangoni pake, kisha ukanyamaza kungoja. Jina la miaka mingi lilikuwa limevuliwa mbele ya watu. Mzee alitokeza kichwa nje ya ua wake, mvua ikimchuruzika kwenye paji la uso.

"Naam," aliitika. "Mzee Matope nipo. Lete mkono nikuvute."

Uwanjani, Bosi alikuwa amewatoroka wote. Alikaa katikati ya dimbwi, akachota tope jekundu kwa kiganja, na kabla bibi yake hajamfikia akalitia mdomoni. Mama mkwe alisimama ghafla, ndoo mkononi. Fundi baiskeli alisimama kizingitini. Hata mzee aliuacha mkono wa fundi cherehani, akageuka. Wote walimtazama Mpishi, aliyekuwa amekwisha kuvaa tayari kwenda kazini.

Mpishi alivua viatu, akaingia kwenye tope, akachuchumaa mbele ya mwanawe. Vipimo vya mwisho vilikuwa vimeshuka; muuguzi alisema vitashuka tena. Akachota kidogo palepale mtoto alipochota, akakisugua kati ya vidole, akanusa. Bosi akatema, akakunja uso, akanyoosha kidole kwa babu yake, akamfokea kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, aje amtoe upesi.

"Mwacheni," alisema Mpishi. "Ni udongo tu."